Ukivuka Rusumo, barabara inageuka: mwendo na tabia za kuendesha gari nje ya Tanzania

Msikilizaji wetu wa Zuzu, ukisimama Nala jioni utayaona malori yakitoka Dar es Salaam na Morogoro, yanapita Dodoma na kushika njia ya Bahi, Manyoni na Singida. Mengine yanaishia Mwanza au Kahama. Lakini mengi yanaendelea: Nzega, Kahama, Ushirombo, Lusahunga, Benaco, mpaka daraja la Rusumo kwenye mto Kagera. Ni safari ya zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa, na kwa njia yote hiyo dereva anakaa upande wa kushoto wa barabara kama alivyofundishwa. Akivuka daraja na kuingia Rwanda, anatakiwa kukaa kulia.

Tumeulizwa mara kadhaa na wasikilizaji wenye ndugu madereva, na wengine wanaosafiri kwa basi kwenda Kigali kufuata biashara: je, mtu anazoeaje? Na kuna hatari gani? Makala hii inaeleza, na inamhusu pia asiyeendesha, kwa sababu malori ya huko yanapita hapa kwetu.

Kwa nini majirani wanapita kulia

Tanzania, Kenya, Uganda, Zambia, Malawi na Msumbiji wote wanaendesha kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo wanaendesha kulia. Tofauti hiyo ni alama ya wakoloni. Rwanda, Burundi na Tanganyika zote zilikuwa koloni moja la Mjerumani. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Mwingereza alipewa Tanganyika na Mbelgiji akapewa Rwanda na Burundi. Mwingereza alikuja na kushoto kwake, Mbelgiji akabaki na kulia kwake. Mto Kagera uliokuwa katikati ya koloni moja ukawa mpaka wa sheria mbili za barabarani.

Nchi inaweza kubadili upande, ila ni kazi kubwa. Sweden ilihama kutoka kushoto kwenda kulia Septemba 3, 1967. Samoa, nchi ya visiwa vya bahari ya Pasifiki, ilifanya kinyume chake Septemba 2009, ikahamia kushoto. Kwetu hakuna nchi iliyohama, kwa hiyo anayehama ni dereva, kila safari.

Daraja la sasa la Rusumo na kituo cha pamoja cha forodha vilizinduliwa rasmi Aprili 2016 na Rais John Magufuli pamoja na Rais Paul Kagame. Kabla ya hapo lori lilipita daraja jembamba la zamani, moja moja. Siku hizi ukaguzi wa nchi zote mbili unafanyika sehemu moja. Wanaokwenda Burundi wanapita Kabanga, ambayo nayo iko wilaya ya Ngara, na huko pia upande unabadilika. Wanaokwenda Lubumbashi wanapita Tunduma, wanavuka Zambia yote wakiwa kushoto, halafu wanabadilika wakifika Kasumbalesa.

Kosa halifanyiki mpakani

Mtu asiyewahi kuendesha huko anadhani hatari iko pale darajani. Sivyo. Pale kila mtu yuko macho, mwendo ni wa pole, magari mengine yanakuongoza. Kosa linakuja baadaye, dereva akishatulia. Analala Kayonza, anaamka alfajiri, anawasha gari, barabara ni tupu, na mikono inampeleka kushoto yenyewe. Au anatoka kituo cha mafuta na hakuna gari lolote la kumkumbusha. Barabara yenye magari mengi ni salama zaidi kwa mgeni kuliko barabara tupu, ingawa wengi wanafikiri kinyume.

La pili ni kwenye kona za makutano. Kwetu kukata kushoto ni kona fupi, kukata kulia ni kona ndefu ya kuvuka njia ya wenzako. Rwanda ni kinyume: kulia ndiyo fupi. Mtu aliyekuwa kwenye upande sahihi kwa saa tatu anaweza kukata kona ndefu kwa kuifupisha, akajikuta uso kwa uso na gari. Kwenye mzunguko, sisi tunazunguka kama mshale wa saa na tunampisha anayetoka kulia. Huko wanazunguka kinyume cha saa, na unampisha anayetoka kushoto.

La tatu ndilo baya kuliko yote, kwa sababu halina muda wa kufikiri. Ng'ombe akitokea ghafla, au lori likaacha njia na kuja kwako, dereva wa Tanzania anakwepa kushoto, nje ya barabara, vichakani. Ndivyo mwili wake ulivyozoea. Nchini Rwanda, kushoto ni katikati ya barabara, kwenye magari yanayokuja. Dawa yake ni mwendo mdogo kiasi kwamba breki itoshe bila kukwepa.

Hesabu yake ni hii. Ukiwa na mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari linakula mita 22 kila sekunde. Sekunde moja ya kushtuka kabla mguu haujafika kwenye breki, mita 22 zimeshakwisha. Halafu gari dogo kwenye lami kavu linahitaji kama mita 35 zaidi kusimama. Kwa mwendo wa 50, mshtuko unakula mita 14 na breki kama 14 nyingine. Yaani 28 dhidi ya 57. Lori lenye mzigo linahitaji zaidi ya hapo. Na mgeni hashtuki kwa sekunde moja. Anahitaji sekunde ya ziada ya kujiuliza yuko upande gani.

Usukani uko upande usiofaa

Lori la Tanzania lina usukani kulia. Likiendeshwa upande wa kulia wa barabara, dereva amekaa ukingoni, karibu na mtaro, na haoni mbele ya gari lililomtangulia. Ili aone kama kuna nafasi ya kupita, inabidi atoe karibu lori zima katikati ya barabara. Hapo utingo anageuka kuwa jicho la dereva: yeye ndiye amekaa upande wa katikati, yeye ndiye anasema njia ni nyeupe au bado. Utingo aliyelala, au asiyejua kukadiria mwendo wa gari linalokuja, ni hatari. Dereva asiye na utingo asipite gari lolote kwenye milima ya kutoka Rusumo kwenda Kayonza. Akae nyuma, achelewe.

Kuna jambo lingine ambalo madereva wachache hulifikiria: taa. Taa za magari yetu zimetengenezwa ili mwanga wa chini uelekee zaidi kushoto, kwenye ukingo wetu. Ukiwa upande wa kulia, mwanga huohuo unampiga machoni anayekuja. Ataona umewasha taa kubwa, naye atakuwashia za kwake. Punguza mwelekeo wa taa kama gari lina uwezo huo, na kama inawezekana usisafiri usiku.

Halafu indiketa. Hapa kwetu dereva wa lori akikuona nyuma yake, anawasha ya kushoto kukuambia pita, na ya kulia kukuambia subiri kuna gari. Sheria haikuandika hivyo. Ni lugha ya barabarani, na imeokoa wengi kwenye njia ya Manyoni. Lakini huwezi kuibeba mpaka Rwanda au Burundi. Upande umegeuka, kwa hiyo maana nayo inaweza kugeuka: indiketa ya kulia aliyowasha mwenzako huko huenda ni ya kukupisha, au huenda anataka tu kuegesha. Usipite gari kwa kutegemea indiketa ya mtu katika nchi ambayo hujui lugha yake ya barabarani. Tunasema hivyo bila kupunguza.

Mwendo: kibao, si mazoea

Tanzania kila mtu anakijua kibao cha 50. Kijiji kikianza, kibao kipo, na mara nyingi trafiki mwenye tochi yupo mbele kidogo chini ya mti. Mabasi na malori makubwa hayatakiwi kuzidi 80 hata nje ya makazi. Dereva wa gari dogo ndiye mwenye uhuru kwenye tambarare zetu za kati, na kwa kweli anautumia: barabara imenyooka, upeo unaonekana, mguu unazama. Mpaka afike mteremko wa Sekenke ndipo anakumbuka breki.

Rwanda hakuna tambarare hiyo. Ni kona na vilima, na kwa muda mrefu kiwango cha juu kabisa kimekuwa 80, hata kwa gari dogo. Kwenye makazi utakuta vibao vya 40 na 60, wakati mwingine kimoja kinafuata kingine baada ya mwendo mfupi. Makazi yenyewe hayana mwanzo na mwisho kama vijiji vyetu. Nyumba zinafuatana kando ya barabara karibu njia nzima, na watu wanatembea kwa miguu wengi sana. Mabasi ya abiria yanatakiwa kuwa na kidhibiti mwendo cha kilomita 60 kwa saa, kwa hiyo usishangae basi la huko likienda taratibu kwenye barabara nzuri. Usilipigie honi.

Tochi pia si ya mkononi tu. Rwanda wana kamera za barabarani, ambazo wenyeji wamezipa jina la Sofia, na Sofia hana kivuli cha kujificha wala magari ya mbele kukuwashia taa kukuonya. Ukiandikiwa faini, lipa kwa utaratibu na uchukue risiti. Askari wengi mtaelewana. Kiswahili ni mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda tangu 2017.

Kenya, kwa anayepitia Namanga, ni rahisi zaidi kwa upande: ni kushoto kama kwetu. Mijini 50, malori na magari ya abiria 80. Ugumu wa Kenya ni msongamano wa Nairobi na matatu zinazobadilisha njia bila taarifa.

Wenye ndugu Uarabuni wanasimuliwa mwendo wa aina nyingine. Oman na Falme za Kiarabu wanaendesha kulia, barabara kuu zina njia nyingi, na 120 ni mwendo wa kawaida. Mtu wa huku anaweza kuogopa, lakini kosa la kawaida ni kuzoea haraka mno. Abu Dhabi ilikuwa na uvumilivu wa kilomita 20 juu ya kibao kabla kamera haijapiga. Tangu Agosti 2018 uvumilivu huo umeondolewa, na kibao ndicho mwisho. Uingereza kuna mtego mwingine: wanaendesha kushoto kama sisi, ila vibao vyao ni vya maili. Kibao cha 30 pale ni kilomita 48, na cha 70 ni kama 112. Marekani nao wanatumia maili, tena upande wa kulia.

Abiria na watembea kwa miguu

Basi la Tanzania lina mlango upande wa kushoto. Likisimama kando ya barabara nchini Rwanda, mlango unafungukia katikati ya barabara. Mama anayeshuka na mzigo kichwani na mtoto mgongoni anashukia kwenye njia ya magari. Msishuke mpaka kondakta ashuke kwanza aangalie nyuma na mbele. Bora zaidi dereva asimame stendi tu.

Kuvuka kwa miguu, tumezoea kuangalia kulia kwanza. Huko gari la kwanza linatoka kushoto. Hata London, penye wageni wengi, wameandika kwenye lami pa kuvukia kumkumbusha mgeni aangalie upande gani. Huku hakuna maandishi hayo, kwa hiyo angalia pande zote mara mbili.

Na hapa nyumbani: lori lenye namba inayoanza na R, linaloelekea Dar es Salaam, huenda lina usukani kushoto. Dereva wake hapa ndiye mgeni. Akitaka kupita, haoni vizuri mbele. Ukiwa na baiskeli au pikipiki kati ya Bahi na Nala na ukaona lori la namna hiyo likija likiwa nyuma ya jingine, toka kabisa pembeni kwenye udongo.

Kabla ya kuondoka

Leseni iwe ya daraja linalolingana na gari. Kwa nchi za mbali, ulizia hati ya kimataifa ya udereva. Bima ya Tanzania peke yake haitoshi. Unahitaji kadi ya njano ya COMESA, ambayo Tanzania inashiriki ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000. Mifuko ya plastiki iache, Rwanda waliipiga marufuku tangu 2008. Saa ya Rwanda na Burundi iko nyuma yetu kwa saa moja. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, asubuhi, Wanyarwanda wako kwenye kazi za jamii zinazoitwa umuganda na safari za barabarani husimama mpaka ziishe, kwa hiyo panga usikwame njiani.

Wengine hubandika karatasi kwenye dashibodi imeandikwa KULIA kwa herufi kubwa. Inaonekana kama ya mtoto, lakini inafanya kazi, hasa alfajiri. Ukirudi na kuvuka Kagera, ibandue palepale, kabla hujafika Benaco; dereva aliyekaa kulia kwa wiki mbili anakosea nyumbani kwa urahisi uleule.