Bangi, Ganja na Charasi: Uanikaji wa Mmea Mmoja na Safari ya Majina Yake

Ni desturi ya wenye kuchunguza maneno ya mkopo kutazama sauti kwanza, kisha maana, na mara nyingi kuishia hapo. Lakini yapo maneno ambayo historia yake haielezeki kwa sauti wala kwa maana ya kamusi peke yake, bali kwa kazi ya mikono iliyoyazaa. Neno bangi ni moja katika hayo. Asili yake si jambo la ubishi: lilitoka Bara Hindi, ambako katika Kisanskriti lilikuwa bhanga, likapita katika Kiajemi kwa umbo la bang, likaenea katika pwani zote za Bahari ya Hindi. Lililosahauliwa ni kwamba huko lilikotoka halikuwa jina la kila kitu kipatikanacho katika mmea ule. Lilikuwa jina la namna moja tu ya kuutengeneza baada ya kuvunwa.

Katika Bara Hindi mmea huu ulikuwa na majina matatu ya sokoni. Majani yaliyokaushwa, ambayo husagwa yakanywewa katika maziwa au kuliwa pamoja na vitu vitamu, ndiyo bhang. Vikonyo vya maua ya mmea wa kike, vilivyokaushwa pamoja na utomvu wake ili vivutwe katika kiko, ndivyo ganja. Utomvu wenyewe, uliokusanywa mbali na majani na maua, ndio charas. Mmea ni mmoja; kilichotenga majina ni sehemu iliyochukuliwa na jinsi ilivyokaushwa.

Tofauti hizo zimeandikwa kwa urefu katika taarifa ya Tume ya Dawa za Bangi za India, iliyoundwa mwaka 1893 baada ya maswali katika Bunge la Uingereza. Tume hiyo, chini ya uenyekiti wa W. Mackworth Young, ilisikiliza mashahidi zaidi ya 1,000, ikatoa taarifa yake mwaka 1894, na haikushauri mmea huo upigwe marufuku. Kabla yake, mtaalamu wa mimea David Prain wa Calcutta alikuwa ameandika mwaka 1893 juu ya kilimo na matumizi ya ganja katika Bengali. Kwa maandishi hayo, kazi iliyofanyika Naogaon, mahali palipo leo katika Bangladesh, inajulikana kwa undani kuliko ya mahali pengine popote wakati ule.

Wakulima wa Naogaon walipanda miche mwezi wa Septemba. Miezi miwili baadaye aliitwa fundi, aliyejulikana kwa jina la poddar, apite shambani kuichagua na kuing'oa mimea ya kiume, kwa kuwa ua la kike likishapata mbegu ganja yake huharibika. Mavuno yalikuwa Februari na Machi. Mimea ilichukuliwa hadi uwanja uliotayarishwa kwa kazi hiyo, ikaanikwa juani na kuachwa hata umande wa usiku uiangukie. Kesho yake matawi yasiyo na maua yalitupwa, na yaliyobaki yakapangwa kwa duara, nao watu wakayakanyaga kwa miguu mpaka maua yakashikana kwa utomvu wake. Kisha yalirundikwa, yakafunikwa kwa mikeka na kuwekewa uzito juu. Siku zilizofuata yalifunuliwa, yakaanikwa, yakakanyagwa na kufunikwa tena, mpaka yakawa tayari. Hiyo ndiyo ganja bapa. Ganja ya mviringo haikukanyagwa hivyo, bali vitawi vyake viliviringishwa chini ya nyayo. Vipande vilivyodondoka katika kazi hizo viliitwa chur, navyo viliuzwa kwa jina lao.

Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya kueleza kazi hii. Kukausha ni neno la jumla, lisilosema njia. Kuanika ni kutandaza kitu juani au penye hewa. Kuvundika ni kukifunika kitu kibichi ili kiive au kigeuke kwa joto lake chenyewe, kama wafanyavyo watu kwa ndizi. Yaliyofanyika Naogaon yalikuwa kuanika na kuvundika kwa zamu, na zamu hiyo ilikuwa na sababu. Jua tupu hulikausha jani upesi likabaki na ukijani na ukali wake; rundo lililofunikwa tupu hushika unyevu likaota ukungu. Katika njia ya kati ukijani hupungua polepole na maji hutoka bila ua kuvunjika. Sayansi ya baadaye imeeleza zaidi. Kiini kikuu cha ulevi katika mmea huu, ambacho Yechiel Gaoni na Raphael Mechoulam walikitenga kikiwa safi mwaka 1964, hakimo kwa wingi katika mmea mbichi. Kilichomo ni asidi yake, ambayo hugeuka kuwa kiini hicho kwa moto, na kidogo kidogo kwa muda. Kikikaa mno katika hewa na mwanga huharibika kikawa kitu kingine kilicho dhaifu. Kwa hiyo haistaajabishi kwamba ganja iliyokaa ghalani kwa miaka ilishuka thamani.

Sasa laulizwa: katika majina hayo matatu, kwa nini ni bangi lililotia nanga katika pwani ya Afrika ya Mashariki, na kufunika maana zote? Jibu laelekea kupatikana katika maandishi ya Wareno. Garcia da Orta, mganga aliyekaa Goa, katika kitabu chake cha mwaka 1563 alieleza bangue kuwa unga wa majani ya kula. Padri João dos Santos, aliyeishi Sofala kuanzia mwaka 1586 na ambaye kitabu chake kilipigwa chapa Évora mwaka 1609, alitumia jina lilo hilo kwa mmea uliolimwa na wenyeji wa sehemu zile, akasema kwamba waliukausha, wakautwanga kuwa unga, wakaula na kunywa maji juu yake. Hakusema kwamba waliuvuta. Yaani jina bangi lilikuwa limekwisha kufika kusini mwa pwani likifuatana na unga uliwao, kama lilivyokuwa Goa. Umbo lake laonekana hata leo katika Kishona, kisemwacho bara ya Sofala, ambako mmea huu huitwa mbanje.

Lakini safari ya neno si lazima iwe safari ya mmea, wala ya kiko. Vibakuli vya viko vilivyofukuliwa Lalibela katika Uhabeshi, ambavyo vilikadiriwa kuwa vya karne ya 14 au karibu na hapo, vilionekana vina masalio ya mmea huu, kama alivyotangaza N. J. van der Merwe mwaka 1975. Makadirio hayo yakikubaliwa, watu wa Afrika ya Mashariki waliuvuta kabla tumbaku haijaja kutoka Amerika. Upande wa Kongo na Angola jina ni jingine kabisa, diamba au liamba, lililovuka bahari hadi Brazili pamoja na watu waliouzwa utumwani. Paul Pogge na Hermann von Wissmann walipofika kwa Wabashilange wa Lulua mwaka 1881, waliwakuta watu wa Kalamba Mukenge wakijiita Bena Riamba, yaani watu wa bangi, nao waliuvuta katika mikutano yao.

Katika Kiswahili chenyewe dalili za uvutaji zimo katika maneno ya kiko. Kamusi za zamani zilihifadhi majina ya sehemu zake: bora, ndicho kibakuli cha juu, digali, mrija ushukao majini, shilamu, mrija wa mdomoni, na malio, sauti ya maji yakivutwa. Neno shilamu lafanana na chilam, jina la kibakuli cha kiko katika Bara Hindi. Ni wazi basi kwamba chombo kilikuwa na msamiati wake kamili. Kilichokosa majina ni kilichotiwa ndani yake: jani na ua, kilichoanikwa na kilichovundikwa, vyote viliitwa bangi.

Ufukara huo waonekana zaidi ukilinganishwa na karafuu. Karafuu nayo huchumwa mbichi ikaanikwa juani juu ya majamvi, lakini ni zao la halali, na vikonyo vyake vina jina lake, makonyo, na bei yake. Bangi iliingizwa katika mapatano ya Geneva ya mwaka 1925, na tangu hapo kilimo chake kilizidi kujificha. Hata Naogaon, ambako serikali ilikuwa imetoza kodi na kuweka maghala, kilikomeshwa mwaka 1987. Katika Kiswahili cha leo maneno yaliyo hai ni ya biashara ya siri na ya taarifa za polisi: kete, puli, msokoto. Yote ni majina ya kifurushi. Hakuna hata moja lisemalo kilichomo kilitengenezwaje.

Jambo hili si la wapenzi wa maneno tu. Mkataba wa Pekee wa Dawa za Kulevya wa mwaka 1961 waeleza mmea huu kwa vikonyo vyake vyenye maua au matunda, na kuyatoa majani na mbegu visivyoambatana na vikonyo hivyo, ingawa mahali pengine waziagiza nchi kuzuia matumizi mabaya ya majani. Kwa msingi huo sheria ya India ya mwaka 1985 iliyaacha majani nje ya maelezo yake, na bhang ikaendelea kuuzwa kwa leseni katika baadhi ya majimbo. Afasiriye maelezo hayo kwa neno moja, bangi, atakuwa amekipa kilichokatazwa jina la kile kilichotolewa. Na mwanahistoria asomaye bangue katika karatasi za Wareno, akafikiri mara moja juu ya moshi, atakuwa ametia kiko katika vinywa vya watu ambao shahidi wao alisema walikula unga.

Kwa hiyo yafaa watunga kamusi watenge maana ya kale na maana ya sasa, jani na ua, badala ya kuridhika na jina la mmea. Vitenzi viko tayari: kuanika, kuvundika, kutwanga. Neno lilipovuka bahari liliiacha kazi yake ng'ambo. Ni juu ya wanaolichunguza kuirudisha katika maelezo yake.