Kwa nini radi impige yeye? Kudra, bahati na uamuzi wa binadamu

Mvua inanyesha ghafla. Watu watatu wanaotoka shambani wanajikinga chini ya mwembe. Radi inapiga: mmoja anafariki, wawili wanapona. Msibani, mmoja anasema ni kazi ya Mungu. Mwingine anasema ni bahati mbaya. Wa tatu ananong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Nani yuko sahihi?

Maswali mawili tofauti

Mtafiti Mwingereza E. E. Evans-Pritchard alikutana na swali kama hili kwa Wazande, wanaoishi katika nchi ambazo leo ni Sudan Kusini, Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Katika kitabu chake cha mwaka 1937 alieleza habari za ghala za nafaka zinazosimama juu ya nguzo. Watu hukaa chini yake kukwepa jua, na mara nyingine ghala huwaangukia. Wazande walijua vizuri kwamba mchwa wamekula nguzo. Walichouliza ni kingine: kwa nini lianguke saa ileile ambayo watu hawa wamekaa pale? Jibu lao lilikuwa uchawi.

Swali la kwanza ni "imetokeaje?" Hilo sayansi hulijibu. La pili ni "kwa nini yeye?" Hapo ndipo dini, mila na neno "bahati" huingia.

Radi inavyofanya kazi

Ndani ya wingu zito la mvua, chembe za barafu hugongana na umeme hujikusanya. Umeme huo ukishuka, mara nyingi hupitia kitu kirefu: mti, mlingoti, au mtu aliyesimama peke yake uwanjani. Kisha husambaa ardhini. Ndiyo maana ng'ombe wengi huweza kufa pamoja chini ya mti mmoja. Hakuna awezaye kutabiri ni mahali gani hasa radi itapiga. Sehemu hiyo ndiyo tunayoiita bahati.

Dini zinasemaje?

Kwa Waislamu, kuamini kadari ni mojawapo ya nguzo sita za imani. Hata hivyo, kuna mafundisho ya Mtume Muhammad kuhusu mtu aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila kumfunga, kwa kumtegemea Mungu. Aliambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee.

Kwa Wakristo, Injili ya Luka inasimulia kwamba Yesu alitaja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Alikataa wazo kwamba walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu.

Kwa hiyo anayeamini kudra ya Mungu hajaondolewa wajibu wa kujikinga, wala hana sababu ya kumhukumu marehemu.

Kilicho mikononi mwetu

Mwaka 2011 radi iliua wanafunzi 18 katika Shule ya Msingi Runyanya, Uganda. Miaka kadhaa baadaye shule hiyo ilifungwa mitambo ya kukinga radi. Ule ulikuwa uamuzi wa watu.

Nawe unaweza kuamua haya:

- Ukisikia ngurumo, acha jembe na uondoke shambani au ziwani. Usisubiri mvua ianze.
- Usijikinge chini ya mti. Ingia kwenye jengo kubwa imara au gari la bati lililofungwa vioo. Kibanda cha nyasi hakikingi radi.
- Kaa ndani hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.
- Aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Mguse na umsaidie mara moja. Kama hapumui na moyo umesimama, mkandamize kifua kwa nguvu na kwa haraka huku mkitafuta usafiri wa kwenda hospitali. Wengine hupona wakisaidiwa mapema.

Wahenga walisema ajali haina kinga, lakini pia walisema kinga ni bora kuliko tiba. Kwa nini yule na si mwenzake, kila mmoja atajibu kwa imani yake. Lakini kumtaja jirani kuwa mchawi hakumrudishi marehemu, na kunaweza kuua mtu wa pili. Mti ule bado upo, na mvua itanyesha tena.