Kitale, Bungoma na Filamu ya Mwanamke Mshawishi

A Fool There Was, filamu bubu iliyotolewa na kampuni ya William Fox mwaka 1915, inasimulia kuanguka kwa John Schuyler, wakili mwenye mke na binti mdogo, anayetumwa Uingereza kwa kazi ya serikali. Melini ananaswa na mwanamke asiyepewa jina. Mwanamume aliyetangulia kunaswa anajiua kwenye meli hiyohiyo, lakini Schuyler hazinduki. Cheo kinamponyoka, ndoa inavunjika, pombe inammaliza. Uzito wa filamu uko hapo: hakuna anayemlazimisha.

Theda Bara, aliyeigiza mwanamke huyo, alizaliwa Cincinnati, Marekani. Wapiga debe wa Fox walitangaza kuwa alizaliwa jangwani Misri, uongo ulioitwika Afrika tamaa iliyobuniwa kwingine.

Filamu hiyo ilipotoka, nchini Kenya sheria ya michezo ya jukwaani na sinema ya mwaka 1912 ilikuwa tayari imeipa serikali ya kikoloni mamlaka ya kuzuia filamu. Katika ukaguzi, filamu iliweza kuruhusiwa kwa Wazungu na kukatazwa kwa Waafrika. Hofu kubwa ilikuwa Mwafrika kumwona mwanamke wa Kizungu akitamani na kutamaniwa. Mwaka 1930 suala hilo lilishughulisha hata kamati ya filamu za makoloni mjini London.

Kitale, mji wa walowezi wa Trans Nzoia, ulifikiwa na reli mwaka 1926, enzi ya filamu bubu ikielekea ukingoni. Bungoma, jirani yake chini ya Mlima Elgon, ilikuwa katika eneo la Waafrika la Kavirondo Kaskazini. Hata hivyo, aliyetoka Bungoma kwenda kulima mahindi ya mlowezi hakupata Kitale ruhusa ya kutazama filamu aliyonyimwa kwao, kwa kuwa kilichopimwa kilikuwa rangi yake.

Waafrika walitengenezewa filamu nyingine. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, wenye makao Vugiri, Tanganyika, ulipiga picha bila sauti na kuziambatanisha na maelezo ya santuri. Lori lake lilizunguka Afrika Mashariki, Kenya ikiwemo, likifundisha kuweka akiba posta, kutunza ngozi za mifugo na kulipa kodi. Mafunzo hayo yalikuwa na faida yake, lakini yalimchukulia mtu mzima kama mwanafunzi asiyeweza kupima mwenyewe anguko la Schuyler.

Sheria mpya ya filamu ya mwaka 1962 ilichukua nafasi ya ile ya 1912, na ukaguzi ukaendelea baada ya uhuru.