Mlima Uliokwisha Kujulikana

Ukishuka Point Lenana kwa njia ya Chogoria, unafika mahali ambapo ardhi inakatika ghafla. Panaitwa Temple. Mwamba unaanguka kama mita 300, na chini kuna ziwa dogo jeusi, Michaelson. Kutoka hapo mto Nithi unapita kwenye bonde lenye kuta za mawe, Gorges Valley, halafu unateremka kupitia mashamba ya chai na kahawa kuelekea nchi kavu ya Tharaka na mto Tana. Wageni wanalipa pesa nzuri kupita hapa, na wengi husema ndiyo njia nzuri kuliko zote za Mlima Kenya.

Mimi niliacha chuo karo ilipokwama, na kwa msimu mmoja nilibeba mizigo kwenye njia hii. Mpagazi, ama pota kama tunavyoitwana, anajifunza ramani haraka. Na ramani ya huku ni orodha ya wageni. Bonde la Hobley ni la afisa wa kikoloni. Bonde la Hinde, vilevile. Hata vilele vikuu, Batian, Nelion na Lenana, Halford Mackinder alivipa mwaka wa 1899 majina ya viongozi wa Wamaasai, watu wa nyanda za mbali. Ni majina ya Kiafrika, sawa, lakini si ya watu wanaoamka kila asubuhi mlima ukiwa juu ya vichwa vyao. Wameru wanauita Kirimaara. Huo mlima ulikuwa na jina kitambo.

Tena ulikuwa unajulikana. Desemba 3, 1849, mmisionari Ludwig Krapf aliuona akiwa Kitui. Watu wa Embu walimweleza kwamba hawapandi juu sana kwa sababu ya baridi kali, na kwa sababu ya kitu cheupe kinachoporomoka kwa kishindo. Soma hiyo maelezo tena. Hayo ni maporomoko ya barafu, yameelezwa na mtu aliyeyasikia kwa masikio yake. Huko London, William Cooley, msomi wa jiografia ambaye hakuwahi kufika huku, alikataa kuamini kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Ikabidi kungoja hadi 1883, Joseph Thomson alipouona mlima mwenyewe. Kwa miaka 34 ushahidi wa Waembu ulihesabiwa kuwa porojo.

Upande wetu wa mashariki, miaka ya 1920, Ernest Carr alifungua njia ya Chogoria na kujenga vibanda viwili, Urumandi na Top Hut. Vitabu vya wapanda mlima vinamtaja. Waliofyeka mianzi na kubeba mizigo hawana jina humo. Sisemi Carr hakufanya kazi. Nasema njia haifyekwi na mtu mmoja.

Halafu njia ikafungwa. Mwaka wa 1953 serikali ya kikoloni ilitangaza msitu wa Mlima Kenya kuwa eneo marufuku. Ukionekana ndani, unapigwa risasi. Ndege za kijeshi aina ya Lincoln ziliangusha mabomu juu ya miti. Kwenye ukingo wa msitu wanakijiji walilazimishwa kuchimba mtaro, wakaujaza miti iliyochongwa ncha, ili wapiganaji wa Mau Mau wasipate chakula. Cucu wangu alikuwa msichana huko juu ya Manyatta, Embu. Alichimba. Aliniambia mtaro ulikuwa na kina cha kumzidi mtu mzima, na kwamba waliochimba ndio waliokuwa wakipeleka chakula usiku. "Tulijua pa kuvukia," alisema, "si sisi tuliochimba?"

Sentensi hiyo ndiyo historia ya mlima kwangu. Humo ndani walikuwemo watu kama Musa Mwariama wa Meru, aliyetoka msituni uhuru ulipofika, Desemba 1963. Miezi na miaka ya kuishi kwenye mianzi na baridi, wakizijua njia za wanyama na vijito, ni ujuzi wa mlima usio na cheti. Hifadhi ya taifa ilianzishwa 1949, na tangu hapo anayeingia kwa mguu anahitaji ruhusa. Mjukuu wa aliyechimba mtaro anaingia leo akiwa amebeba begi la mtu mwingine.

Lakini kutoa majina hakukuwa kazi ya wazungu peke yao. Afisa E. B. Horne alipofika Meru mwaka wa 1908 hivi, wenyeji walimwita Kangangi, yaani kamtu kadogo kanakozurura. Jina hilo lilishika, linajulikana mpaka leo. Wameru walimtazama mgeni akipanda na kushuka vilima vyao, wakaandika ramani yao wenyewe mdomoni.

Kwa hivyo sidai tung'oe vibao. Michaelson abaki na ziwa lake. Ninachotaka ni kidogo na kinawezekana: kwenye geti la Chogoria, karibu na bei za kuingia, kuwe na kibao kinachotaja Kirimaara, kile kitu cheupe cha Waembu, na mtaro. Na wewe ukienda, kabla ya kumuuliza pota saa ngapi mtafika, muulize kwao wanapaitaje hapo mliposimama. Andika jibu. Wazee wanaojua wanaisha.