Woody Strode, Mchezaji wa Sinema

Leo tunasoma habari za Woody Strode, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Los Angeles mwaka 1914, akafa mwaka 1994.

Kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, katika sinema na televisheni mara nyingi alipewa sehemu ndogo, yenye maneno machache. Katika Spartacus, ya mwaka 1960, yeye ni mtumwa anayeamriwa kumwua mtumwa mwenzake. Anakataa. Anawarukia mabwana, nao wanamwua.

Mwaka huo huo alicheza Sergeant Rutledge, askari aliyesingiziwa uuaji. Sinema iliitwa kwa jina la askari huyo. Lakini jina lililotangulia katika orodha ya wachezaji ni la mzungu, Jeffrey Hunter.

Swali la kuzungumza darasani: Je, hiyo ilikuwa haki? Toeni sababu.