Singo na Bomu la Kuogea

Singo ya bibi harusi, manukato ya kumsugulia ngozi, kabla haijaingia kinuni, hutandazwa kwenye ungo, na mimi hupenda kuitazama hapo. Karafuu kavu. Langilangi zilizoanikwa kivulini mpaka zikageuka hudhurungi. Mawaridi, asumini, vilua, majani ya mrehani. Vipande vya liwa. Pembeni chupa ya marashi na kibweta cha zafarani. Nilifundisha kemia sekondari hapa Unguja mpaka nikastaafu, na siku hizi harusi ikikaribia ndugu na majirani huniita niwe somo, nimsinge bibi harusi. Basi ungo ule huutazama kwa macho mawili: somo anatafuta harufu, mwalimu anauliza kila kimoja kimefikaje hapa.

Kwani kilicho chetu tangu mwanzo ni kidogo. Mkilua ni wetu, mti wa ukoo wa mstafeli unaoota pwani ya Kenya na Tanzania; mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt alipouandika katika vitabu vya elimu mwaka 1970 aliuita Mkilua fragrans. Vingine vimepanda vyombo. Karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia. Wafaransa waliitorosha miche yake wakaipanda Morisi na Réunion katika karne ya 18, na mwanzoni mwa karne ya 19 Mwarabu wa Omani, Saleh bin Haramil, akaileta Unguja. Langilangi ni ya Asia ya Kusini-Mashariki. Wafaransa tena ndio walioieneza katika bahari yetu, na Komoro ikaja kuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa mafuta yake duniani. Liwa ililetwa na majahazi. Zafarani ni ya Uajemi. Marashi ya waridi yalitoka huko huko Uajemi, na mengine Omani, katika milima ya Jebel Akhdar, ambako mpaka leo mawaridi huchumwa wakati wa majira ya kuchipua na kutoneshwa majumbani.

Sisi nasi tulipeleka. Al-Masudi, msafiri wa Baghdad aliyefika Qanbalu mwaka 916, kisiwa ambacho wanahistoria wengi hukidhania kuwa Pemba, aliandika kwamba ambari iliyo bora hupatikana katika bahari ya Zenji. Kwa hiyo wakati wa babu zetu wa mbali, harufu ilitoka hapa ikaenda kwa wafalme wa kwingine, na nyingine ikarudi kwa upepo wa kaskazi.

Hii ndiyo sababu mtu akiniambia singo ni kitu cha asili, humuuliza: asili ya mwaka gani? Singo isiyo na karafuu leo hatuitambui, na hapo zamani bibi harusi wote wa Unguja walisingwa bila karafuu, kwa kuwa mkarafuu haukuwapo. Singo ni hesabu ya bandari. Kila meli iliyotia nanga iliacha kitu, na mwanamke mmoja nyumbani akakinusa, akakikubali au akakitupa.

Historia ya kuoga ambayo wageni huonyeshwa ni nyingine. Hiyo ina kuta. Huanzia Mtoni, kasri ya Sayyid Said bin Sultan kando ya bahari, alikozaliwa Salme binti Said mwaka 1844. Salme, aliyeondoka Unguja mwaka 1866 na kuishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, alitoa kumbukumbu zake mwaka 1886, na humo ameeleza nyumba za kuogea za Mtoni zilivyojaa watu tangu alfajiri hadi usiku: waliokuja kuoga, kusali, kupumzika na kuzungumza. Ameeleza pia nguo zilivyofukizwa. Mwaka 1850 Sayyid Said alijenga hamamu ya Kidichi, katikati ya mashamba, kwa ajili ya mkewe Shahrzad, mjukuu wa Fath Ali Shah wa Uajemi. Ukiingia leo utaona chokaa iliyochongwa maua, mitende na ndege, mapambo ya Kiajemi ndani ya milki ya Waomani wa Kiibadhi ambao misikiti yao haina hata nakshi nyingi. Baadaye mwanawe, Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, akajenga Hamamni mjini kwa ajili ya watu wote wenye uwezo wa kulipa, kazi iliyosimamiwa na Haji Gulamhussein. Kulikuwa na vyumba vya joto, maji ya baridi na mahali pa kunyoa. Barghash huyo huyo ndiye aliyeleta maji ya bomba mjini kutoka chemchemi za upande wa Bububu. Hamamni iliacha kazi mwaka 1920.

Nimewapeleka wanafunzi wengi Hamamni. Huuliza maji yalipita wapi, moto uliwashwa wapi. Ni maswali mazuri. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza karafuu alichuma nani.

Zilichumwa na watumwa. Mashamba yaliyoitajirisha milki ile yalilimwa, yakapaliliwa na kuvunwa na watu waliotolewa bara kwa nguvu. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ilinusurika, na tangu hapo ndiyo yenye karafuu. Mwaka uliofuata, 1873, Barghash alitia saini mkataba uliofunga soko la watumwa, na utumwa wenyewe ukaacha kutambuliwa kisheria mwaka 1897. Kilichofuata ndicho kinachonihusu, maana bibi zangu ni watu wa Ng'ambo, upande wa mji walikokaa wengi waliotoka utumwani. Wanawake waliokuwa wakivalishwa kaniki na merikani wakaanza kujinunulia kanga. Wengine wakavaa buibui, vazi ambalo mtumwa hakuruhusiwa hata kulifikiria. Walijivika uungwana hadharani. Sioni sababu ya kudhani kwamba walipofika chumbani kumwandaa mwari waliuacha uungwana huo mlangoni. Hamamu ya sultani ilihitaji fundi, kuni na bomba. Singo ilihitaji kinu, mchi na mtu anayejua, na karafuu wao waliijua kuliko aliyekuwa akiiuza.

Namna ya kuitengeneza ni hii, kwa mkono wa nyumbani kwetu, kwani kila nyumba ina wake. Karafuu na liwa hutwangwa kwanza kwa sababu ni ngumu. Maua kavu hufuata. Vyote hupitishwa kwenye chekecheke, yaliyobaki juu hurudi kinuni. Wengine huongeza dalia, wengine unga wa mchele. Kisha hunyunyiziwa marashi kidogo kidogo na kukandwa hadi vishikane, hufukizwa udi kwa chetezo, na kufunikwa usiku kucha. Asubuhi harufu imekuwa moja. Huwezi tena kusema hii asumini, hili waridi.

Karafuu huitia kwa kipimo, na hapo mwalimu humsaidia somo. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni yujenoli, ile ile inayotia ganzi jino na ambayo madaktari wa meno wameitumia miaka mingi. Kidogo huchangamsha ngozi, ikizidi, huunguza. Bibi yangu hakujua jina la yujenoli, ila alikuwa akijaribu singo kwenye kiwiko chake cha ndani kabla ya kumgusa bibi harusi.

Kusinga kwenyewe ni kazi ya mikono. Bibi harusi hukaa kwenye mkeka, hupakwa, huachwa kidogo ikaanza kukauka, ndipo husuguliwa mpaka nongo zitoke. Mgongo, mikono, miguu. Somo husugua huku akisema. Yale ambayo mama hawezi kumwambia binti yake kwa haya, somo humwambia hapo: namna ya kumkabili mume, ya kukataa jambo bila kuvunja nyumba, ya kujisafisha, ya kuweka siri. Baadaye ndiyo maji, hina, na udi chini ya nguo. Maarifa mengi ya pwani yamepita kwa njia hii, mdomoni mwa mtu ambaye mikono yake ina kazi.

Sasa mpwa wangu amekuja na bomu la kuogea. Ana diploma ya utalii na chumba cha kupanga Mwanakwerekwe, na kuna wenye hoteli za mashariki wanaotaka kitu cha kuweka bafuni chenye harufu ya Zanzibar. Alinionyesha: duara kama la kachori, jeupe, lenye vipande vya waridi juu. Akalitumbukiza kwenye beseni, likatoa povu likaimba.

"Shikamoo mama mkubwa, hii ndiyo singo ya kisasa," akasema, akiamkia kwa mara ya pili ili nisimkaripie.

"Marahaba. Hiyo ni Eno," nikamjibu.

Sikuwa natania sana. Historia ya duara lile ni ya duka la dawa. Mfamasia wa Kiingereza, James Crossley Eno, aliuza chumvi yake ya kutoa povu tangu karne ya 19, na mpaka leo nyumba nyingi za Afrika Mashariki zina pakiti yake kwa ajili ya kiungulia. Mwaka 1931 Wamarekani wa Elkhart, Indiana, wakatoa kidonge cha Alka-Seltzer. Kidonge hicho ndicho kilichompa wazo Mo Constantine, Mwingereza wa Dorset, ambaye mwaka 1989 alitengeneza bomu la kwanza la kuogea katika kibanda cha nyumbani kwake. Kampuni yake ya baadaye, Lush, ikalieneza duniani. Mwaka huo huo wa 1989 kilimo cha mwani cha biashara kilianza upande wetu wa mashariki, kwa mbegu za Ufilipino, na leo wanawake wa Paje wanatia unga wa mwani huo kwenye sabuni zenye karafuu. Hakuna anayewaambia kwamba mwani ule si wa asili.

Kilichomo ni vitu viwili vinavyogombana vikikutana na maji: bikaboneti ya soda na ndimu ya unga. Tunda la ndimu linahusika kwa jina tu. Carl Wilhelm Scheele, Mswidi, alikuwa wa kwanza kuitoa asidi hiyo kwenye maji ya limau mwaka 1784, lakini tangu James Currie alipoonyesha mwaka 1917 kwamba ukungu mweusi hulishwa sukari ukaitengeneza kwa wingi, viwanda havihitaji tena shamba la ndimu. Bikaboneti tunaujua ukoo wake. Magadi tunayotia kwenye maharage, yale ya Ziwa Magadi nchini Kenya, ni bikaboneti na kaboneti zilizoshikana. Ila magadi hayaogewi: hiyo kaboneti ni kali kwa ngozi.

Nilimfundisha kama nilivyokuwa nikifundisha kidato cha tatu. Sehemu mbili za bikaboneti, sehemu moja ya ndimu ya unga, kwa ujazo. Changanya vikiwa vikavu. Tia mafuta ya nazi yaliyoyeyuka, kijiko kimoja kimoja, mpaka ukifumbata ushike umbo. Marashi usimimine; nyunyiza kwa chupa ya kupulizia, maana tone kubwa la maji huanzisha ugomvi kabla ya wakati wake. Shindilia kwenye kalibu ya plastiki, acha likauke mahali pakavu. Hapo ndipo Unguja inapokataa. Masika hewa yenyewe ni maji. Duara hutuna, hupasuka, likifika hotelini halina tena povu. Afanye kazi kiangazi, afunge kwenye mfuko usiopitisha hewa usiku ule ule. Na maua asitie mazima: wahudumu wa hoteli watamlaani wakizibua mifereji.

Swali lililobaki ni bafu. Bomu lilibuniwa kwa ajili ya sinki la kulala, na nyumba ninazozijua mimi, kuanzia Michenzani hadi Mwanakwerekwe, watu huoga kwa ndoo na kata. Nikamshauri atengeneze dogo, la beseni la miguu. Hilo limeuzika hapa mtaani kwa kina mama wanaosimama sokoni kutwa, bila mtalii hata mmoja.

Kuhusu asili yake sina ugomvi naye. Ndimu ya unga imeingia kama langilangi ilivyoingia, na mwanamke mmoja ameinusa akaikubali. Ninachomkatalia ni kuliita singo. Povu hufanya kazi peke yake. Mtu hulitupa majini, akafunga mlango, akaoga. Kusinga hakufanyiki bila mtu wa pili, na mtu huyo hatokani na meli yoyote. Hufundishwa miaka mingi, na binti akiwa mbele yake hufundisha naye. Bei ya duara la mpwa wangu ninaweza kuipiga kwa kalamu: unga, mafuta, mfuko, nauli. Somo hana bei ya namna hiyo, ndiyo maana saluni za mjini zinazouza singo kwa saa humsugua bibi harusi vizuri kabisa na kumrudisha kwao akiwa hajaambiwa neno.

Kwa hiyo tumeafikiana. Mabomu ni yake, faida yake, na lebo aandike viungo vyote na vilikotoka. Harusi ya kwanza ya ukoo baada ya Ramadhani, mgongo nitasugua mimi, mikono atasugua yeye. Na atasema. Nitakuwa namsikiliza anachosema zaidi ya kutazama nongo.