Shaaban Robert kama Shahidi wa Sarufi
Mwalimu wa Akheri, ambako lugha ya nyumbani ni Kimeru, akibishiwa kuhusu "rafiki yangu" na "rafiki wangu", hushawishika kumwita Shaaban Robert awe shahidi. Ushahidi huo una dosari ya kihistoria. Tangu 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyosanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja, ilikagua vitabu vya shule kabla ya kuviidhinisha. Baadaye Shaaban mwenyewe akawa mjumbe wake. Kanuni, basi, huenda inajishuhudia yenyewe. Mashairi nayo (na hapa wengi hujisahau) hubanwa na vina na mizani. Umbo linalojirudia katika nathari yake na vinywani mwa wenyeji wa Tanga lina uzito. La ubeti mmoja halina.